Habari ya Radi ni Amana

Ndugu zangu katika imani, wake kwa waume, naiusia nafsi yangu kabla ya nafsi zenu: tumche Mwenyezi Mungu katika msimu huu, ambapo asubuhi ya Bugendana huamka kweupe, jua likachoma hadi adhuhuri, kisha mawingu yakapanda juu ya bonde la Ruvubu, meusi chini na meupe kileleni, na alasiri haijaadhiniwa radi imekwisha shuka.

Imepokewa kutoka kwa Mama yetu Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoliona wingu zito uso wake ulibadilika, akawa anaingia na kutoka, na mvua ilipokwisha kunyesha ndipo hofu ilipomwondoka. Maana kaumu ya Adi waliliona wingu likielekea mabonde yao wakafurahi, kumbe ndiyo adhabu. Kipenzi cha Mola aliliogopa wingu, nasi tunajibanza chini ya mkalitusi tukingoja lipite!

Wataalamu wa IGEBU, taasisi inayotabiri hali ya hewa hapa Burundi, hawadai elimu ya ghaibu. Wanapima joto na unyevu, wanatazama picha za satelaiti, kisha wanatutahadharisha, kwa mfano, kwamba mchana huu mvua kubwa ya radi, upepo na mawe inatazamiwa Gitega, Karusi na Muyinga. Kilima hawawezi kukutajia, kwani wingu la namna hiyo huenda likazaliwa na kufa ndani ya saa moja, likailowesha Muyinga na kutuachia sisi vumbi. Kwa hiyo siku jua likikuwakia usimwite mtu muongo, bali mshukuru aliyekuepusha.

Lakini habari ile ikishaingia katika redio yako au simu yako, ni amana shingoni mwako. Yuko mjane aliyeinama na jembe bondeni, mtoto mgongoni, asiye na redio wala wa kumwambia. Wako watoto wanaochunga mbuzi mbali na nyumba. Ulijua, hukusema, basi utasimamishwa na kuulizwa, na hutakuwa na hoja kwamba ulikuwa na haraka ya kuanua maharage yako.

Tarehe 10 Machi 2018, Nyaruguru, kusini mwa Rwanda, jirani zetu kabisa, radi ilipiga kanisa watu wakiwa ibadani, wakafa 16. Tarehe 2 Novemba 2024, katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, Uganda, iliwaua 14 waliokusanyika kusali. Walitoka majumbani mwao na nia njema, wakiacha vyungu mekoni, wala hapana aliyedhani kwamba umri wake umebakiwa na saa chache. Umri wetu nao hauna dhamana ndefu kuliko wao.

Na iko dhambi nyingine, nzito zaidi. Radi ikiua ng'ombe au mtoto, ndimi huanza kumtafuta bibi kizee wa kumsingizia kwamba ndiye aliyeituma, na damu ya wasio na hatia humwagika kwa uzushi huo. Aliyenyamaza wingu lilipokuja, akafumbua kinywa baada ya msiba ili kumzulia jirani yake, amehini amana mara mbili.

Basi shikeni hili na mlifikishe. Ukiona mwanga, hesabu: sekunde 3 ni kadiri ya kilomita 1. Ngurumo ikikufikia kabla hujatimiza 30, tupa jembe, ondoka mtini na penye maji, ingia nyumba imara, si kibanda cha nyasi shambani, wala usitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Shamba halitakimbia.

Tukishatoa salamu, wenye simu na redio msitawanyike. Tutakaa uani tugawane vilima, tujue nani anapeleka habari upande wa bondeni na nani anapanda juu, na asiye na vocha aseme mapema.