Kumsimamia Fundi

Tumeulizwa na ndugu yetu mmoja, mshonaji wa kanzu katika mji wetu, mas'ala ambayo kwa dhahiri yake ni madogo. Na tulipoyaingiza katika darsa yetu ya baada ya Isha tukayaona kuwa si madogo. Asema hivi: mteja huja na kitambaa chake, na akisha kupimwa haondoki. Huvuta kigoda akaketi mbele ya cherehani, na tangu hapo kila mkasi ukifunguka na yeye hufungua kinywa. Je, fundi ana haki ya kumwambia aende zake? Na mteja mmoja, alipoambiwa hayo, alijibu kwa kishindo: "Kitambaa ni changu na fedha ni zangu. Na macho yangu, je, ni ya nani?"

Jawabu hilo liliwachekesha watu darsani, lakini si jawabu la kupuuzwa. Mtu ana haki ya kuichunga mali yake, na sheria yetu haikumtaka mtu awe mjinga ili apate kuitwa mwema.

Wanavyuoni walimjua mtu huyu wa kigoda karne nyingi kabla yetu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), katika Minhaj, kitabu kilicho tegemeo kwa sisi Mashafi, ameeleza katika mlango wa ijara hukumu ya mali iharibikayo mkononi mwa aliyeajiriwa pasina yeye kupindukia mpaka. Na mfano alioutoa ni huu huu wetu, nguo iliyopelekwa kushonwa au kutiwa rangi. Maana ya maneno yake ni kwamba, ikiwa mwenye nguo aliketi pamoja na fundi, au alimwita fundi nyumbani kwake, fundi halipi, kwa sababu nguo haikuwa mkononi mwake peke yake. Na kama alikuwa peke yake nayo, pia halipi kwa kauli iliyo dhahiri zaidi. Lakini hapo pana khitilafu, na iko kauli inayomlipisha fundi afanyaye kazi ya watu wengi.

Basi na ajue mwenye kuketi ni kitu gani alichokipata kwa kuketi kwake. Yeye adhani amejiongezea ulinzi, kumbe amejipunguzia hoja. Mali ambayo macho yako yako juu yake ni kama mali ambayo hujaitoa mkononi mwako, na ukiisha kuambiwa hivyo usije kesho kwa kadhi ukasema, "Nilimwachia fundi."

Wala hatutaki mafundi wayasome maneno haya wakafurahi kupita kiasi. Imepokewa kwa Rabii, mwanafunzi wa Imamu Shafi, kuwa Imamu aliona kwamba mafundi hawalipi illa kwa kupindukia mpaka, lakini hakuwa akipenda kuitangaza rai yake hiyo kwa kuwachelea mafundi wabaya. Mtazame mtu huyu mkubwa, aona hukumu ni kwa faida ya fundi, na huku ulimi wake wausita kwa sababu awajua watu wa sokoni. Mteja anayevuta kigoda hakukizua kigoda hicho. Amefundishwa kukivuta na fundi aliyekata mtande wa kitambaa akaushonea mwanawe kofia, na fundi wa gari aliyetoa chombo kizima akarejesha kikukuu, na seremala aliyelipwa mvule akatia mti mwengine chini ya rangi.

Kwa hivyo suali si kama mteja ana haki ya kutazama. Anayo. Mtume (s.a.w.), kama ilivyo katika Sahihi ya Muslim, alipita sokoni penye chungu ya nafaka akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikakuta umaji, akamkemea mwenye kuuza kwa kuuficha ule ulioloa chini ya ule mkavu. Basi kukagua si kumvunjia mtu heshima. Suali ni atazame nini, na wakati gani.

Ziko kazi ambazo zikisha kumalizika zimekwisha kujifunika. Msingi wa nyumba hauonekani ukisha kufukiwa. Nondo haziwezi kuhesabiwa zege likisha kumwagwa, wala nyaya za umeme ukuta ukisha kupigwa lipu. Katika kazi za namna hii mwenye mali asiposimama kabla ya kufunikwa hatapata tena pa kusimama, na huenda dhara yake isimfike yeye bali iwafike wengine. Mwezi wa Aprili mwaka 2016 nyumba ya ghorofa iliporomoka Huruma, Nairobi, ikaua watu karibu 50. Nao walikuwa watu waliolala humo kwa kodi, si waliotia nondo wala waliolipia. Katika kazi kama hizo twasema kumsimamia fundi ni wajibu, na fundi akichukia na achukie. Na vile vile mwenye kupeleka simu yake kutengenezwa, na ndani yake mna picha za watu wa nyumbani kwake. Huyu akiganda mbele ya meza ya fundi mpaka ikafungwa, hatumlaumu hata kidogo.

Lakini kanzu! Kanzu haifichi kitu. Ukisha kuivaa, shingo yake yaonekana, mishono yake yaonekana, na ikiwa ni fupi mji mzima utakwambia. Mwenye kuketi juu ya mkono wa mshonaji tangu Alasiri mpaka Magharibi achunga nini?

Na hapa yatupasa tujitaje wenyewe, kwani si insafu kuwasema watu tukajiacha. Miaka michache iliyopita birika la msikiti lilipasuka, na fedha za kulitengeneza zilikuwa ni za wakfu, nazo zilikuwa mikononi mwetu. Tukaleta mwashi, mtu mzima ambaye kazi hii aliirithi kwa babake. Tukamsimamia siku mbili. Akichota chokaa twamwambia ni nyingi. Akitia timazi twainama kuitazama. Akipumzika twatazama saa. Tulijiambia kuwa hiyo ndiyo amana ya wakfu. Siku ya pili, mbele ya wanagenzi wake wawili, aliweka mwiko chini kwa upole akasema, "Sheikh, mimi husali nyuma yako mwaka wa ishirini huu. Je, nimewahi kukwambia rukuu kabla hujarukuu?"

Hatukuwa na la kumjibu, tukaenda kuketi barazani. Na tulipokuwa hapo tukayazingatia maneno yake, tukaona amesema zaidi ya alivyokusudia. Kwani maamuma hakuharimishiwa kumzindua imamu. Imamu akisahau, maamuma husema "Subhanallah", akasikiwa, na imamu akarejea. Lakini hulisema hilo baada ya kosa, si kabla yake. Hulisema kwa neno lililo dhikri na si matusi. Na hulisema naye yuko nyuma, katika sala ile ile, wala hatoki safuni akaja kusimama kwenye mihirabu. Na ambaye akaa akiingojea rakaa ya imamu ili amkamate amesahau, huyo sala yake mwenyewe imempotea.

Mwashi yule tulimwomba radhi, na khasa kwa sababu ya wale vijana wawili. Mwanagenzi amwangalia fundi wake kama mwana amwangaliavyo baba, na sisi tulikuwa tukimfundisha kuwa mkono wa mzee wake haumanikani. Fedha za wakfu zilikuwa zataka tulikague birika kabla ya kutiwa lipu na kabla ya kutiwa maji. Mara mbili. Siku mbili hazikutakikana.

Kuna dhambi nyengine katika jambo hili, nayo ni ya fundi, na watu hawaioni kwa kuwa haitoi sauti. Waliletwa kwetu watu wawili wakigombana juu ya shingo ya kanzu. Mteja aliketi, akaamuru shingo ipanuliwe, fundi akaipanua, kanzu ikawa yamteremka mabegani. Mteja ataka thamani ya kitambaa, na fundi asema, "Aliniamuru naye yupo." Kwa hukumu ya dhahiri fundi alikuwa na haki, na sisi tulihukumu hivyo. Kisha tukamwuliza fundi peke yake: ulipokuwa wakata, ulijua kuwa itaharibika? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilijua. Nilikuwa nimechoka naye."

Hukumu haikugeuka, lakini hatukulala vizuri usiku ule. Mtu huyu hakuiba uzi mmoja. Alifanya alivyoambiwa, na ndani ya kutii kwake mlikuwa na kisasi. Mtume (s.a.w.) ameifanya dini yote kuwa ni kupeana nasaha, na nasaha ya fundi ni kusema, "Bwana, hii itaharibika, nami sikati mpaka useme mara ya pili." Akisema hivyo kisha akaamriwa, hapo ametoka lawamani mbele ya kadhi na mbele ya Mola wake. Akinyamaza, ametoka mbele ya kadhi tu.

Lakini lililotushughulisha zaidi ni jambo ambalo muulizaji hakutuuliza, nasi tulilijua kwa kwenda dukani kwake siku za mwisho za Ramadhani. Palikuwa na watu sita wameketi. Tukawauliza mmoja mmoja, na walio wengi wakatwambia kuwa hawachungi kitambaa wala mshono. Wachunga zamu! Fundi amewaahidi watu wengi kuliko ziwezavyo siku zilizobakia, kila mmoja amemwambia "kesho, inshallah," na wao wajua ya kuwa atakayeinuka kitambaa chake kitatiwa chini ya chungu. Basi aliyeketi hushonewa.

Na ni nani asiyeweza kuketi? Ni hamali, ambaye Alasiri yuko bandarini. Ni mjane aliyemtuma mtoto na kitambaa cha kanzu ya Idi na fedha mkononi, akaambiwa aje Jumatano. Hawa walileta kabla ya wale sita, nao ndio wataosali Idi na kanzu za mwaka jana. Mafakihi wamesema juu ya kadhi kuwa wagombanao wakisongamana mbele yake humtanguliza aliyetangulia kuja, na asipojulikana hupiga kura. Fundi si kadhi, wala hatusemi yamlazimu kama yamlazimuvyo kadhi. Ni mtu wa soko na ana khiari ya kazi ya kuipokea. Lakini akisha kuipokea na kutaja siku, ile ni ahadi, na kuvunja ahadi Mtume (s.a.w.) amekuhesabu katika alama za mnafiki. Na yule aketiye, japokuwa nia yake ni kupata haki yake, na ajiulize aipata kutoka kwa nani. Kigoda chake hakikuongeza saa hata moja katika usiku wa fundi. Kimechukua tu saa ya mtu asiyekuwapo.

Basi tulimjibu ndugu yetu mshonaji hivi: yajuzu kwake kumwondosha mteja anayemzuilia kazi, kwa maneno mazuri, baada ya kumwonyesha kitambaa alivyokipima na kumwambia kitakwisha lini, wala haijuzu kwake kumwondosha mteja ambaye amekwisha kumvunjia ahadi, mpaka atimize. Na aandike daftari, jina kwa jina, kwa siku ya kuletwa kitambaa, alitundike pale mtu wa kwanza na wa mwisho wataliona, na akome kupokea kazi karatasi ya siku ikijaa, hata akiletewa na jamaa yake.

Akatuuliza, na kile kigoda akitupe? Tukamwambia asikitupe, kwani wako wazee wanaokuja dukani kwake kwa miguu kutoka mbali. Akisogeze karibu na mlango. Naye amekisogeza. Daftari amelinunua pia, lakini mara ya mwisho tulipopita halijatundikwa, akatwambia bado atafuta msumari.