Mkimbizi Mlangoni: Sadaka au Haki?

Tangu mwezi wa Oktoba 2014, mauaji yamewafukuza watu wengi katika vijiji vya Beni. Waliotoka pande za Eringeti, Oicha na Mbau walishika njia ya kusini, hata wakafika Butembo. Tena mwezi wa Juni 2024, vita vilipoingia Kanyabayonga, wengine walipanda kutoka kusini ya Lubero. Wengi wao hawakukaa kambini, bali walipokewa nyumbani mwa watu. Hivyo katika komini ya Mususa, kama katika komini nyingine za mji, jamaa ya watu sita huweza kuamka asubuhi ikiwa ya watu kumi na wanne, na sufuria ni ile ile.

Basi hapo huzaliwa swali ambalo kila mkatekumeni anayejiandaa kwa Ubatizo yampasa alijibu. Mwenye nyumba ampokeaye mkimbizi, je, anatoa sadaka, au analipa deni?

Wengi husema kwamba ni sadaka. Nyumba ni yake, mihogo ni yake, akitoa, asifiwe, asipotoa, asilaumiwe. Neno hilo ni kweli nusu tu. Sadaka ni kumpa mtu kilicho chako. Haki ni kumpa mtu kilicho chake. Na mkimbizi, ijapokuwa amefika mikono mitupu, bado anavyo vilivyo vyake. Uhai ni wake. Jina lake jema ni lake. Jasho lake ni lake. Hata shamba aliloliacha ni lake. Vita vimemwondoa shambani, lakini havikumnyang'anya haki ya shamba.

Tazama habari ya Rutu katika Maandiko Matakatifu. Naomi na mumewe walihamia Moabu kwa sababu ya njaa. Mume alifariki huko, naye Naomi akarudi Betlehemu hali ni mjane, pamoja na Rutu mkwewe, aliyekuwa mgeni katika nchi hiyo. Rutu akaenda kuokota masuke nyuma ya wavunaji. Je, alikuwa akiombaomba? Sivyo. Torati ilimkataza mwenye shamba asivune mpaka pembeni, wala asirudi kuchukua mganda aliousahau, maana hilo lilikuwa fungu la mgeni, yatima na mjane. Boazi alipowaagiza vijana wake wasimsumbue, alitimiza haki. Alipowaambia waangushe masuke mengine kwa makusudi, ndipo alipoongeza sadaka. Tena shamba la marehemu mume wa Naomi halikupotea kwa kuwa wenyewe walikuwa mbali, lilikombolewa.

Mataifa nayo yameungama jambo hili. Tarehe 10 Desemba 1948, Umoja wa Mataifa ulitangaza haki za kila mwanadamu, na mojawapo ni haki ya mtu anayeteswa kutafuta kimbilio katika nchi nyingine. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 ulikataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo uhai wake u hatarini. Na mkataba wa nchi za Afrika, uliofanywa Addis Ababa mwaka 1969, ulimhesabu pia kuwa mkimbizi mtu aliyevuka mpaka kwa sababu ya vita na machafuko. Kwa hiyo mtu wa Beni apitaye Kasindi na kuingia Uganda analindwa na sheria hizo.

Lakini mwenzake aliyeishia Butembo hakuvuka mpaka wowote, na mikataba hiyo miwili haimtaji. Kwa ajili ya watu kama yeye, Umoja wa Afrika ulifanya mkataba mwingine mjini Kampala, tarehe 23 Oktoba 2009, ulioanza kutumika mwaka 2012. Mkataba huo waweka mzigo wa kwanza juu ya serikali ya nchi yake mwenyewe. Na jirani naye ajifunze hapo: asimwambie mtu wa Oicha arudi kwao. Yupo kwao.

Eklezya hufundisha vivyo hivyo. Papa Pius XII, katika hati yake ya mwaka 1952, aliionyesha Jamaa Takatifu iliyokimbilia Misri kuwa mfano wa kila jamaa ya wakimbizi. Papa Yohane XXIII mwaka 1963 alifundisha kwamba mkimbizi hapotezi haki zake za utu, hata akikosa nchi ya kumlinda.

Pengine mtu atauliza: huyu aliyefika usiku, nani amjuaye? Huenda ni mpelelezi wa wauaji. Hofu hiyo si dhambi, maana watu wameona mengi. Kumpeleka kwa mkuu wa mtaa apate kuandikwa ni busara, wala si dhuluma. Lakini uso wa mtu si shahidi, wala lugha yake, wala kabila lake. Awe Mnande, awe Mhutu, awe Mmbuti, kumpiga au kumchoma kwa shuku tupu ni kuivunja amri ya tano. Na kumsingizia ni kuivunja ile ya nane.

Mwingine atasema: nyumba yangu ni ndogo, na watoto wangu wana njaa. Naye asihukumiwe, maana Mungu hamdai mtu asichoweza. Lakini haki haihitaji nyumba kubwa. Mkimbizi akilima kutwa, alipwe sawa na mwenyeji, jioni ile ile. Akikosa kodi ya nyumba, binti yake asidaiwe badala ya fedha. Na kakao ya mashamba yaliyoachwa huko Beni, ikivunwa na asiyeipanda na kuletwa sokoni, mnunuzi anayejua asili yake na kunyamaza anashiriki wizi. Hata amnunulie mkimbizi blanketi kwa faida yake, amefanana na mtu aliyeiba mbuzi, kisha akamzawadia mwenyewe mguu mmoja.

Kwa hiyo jibu ni hili: haki hutangulia, sadaka hufuata. Asiye na cha kutoa aweza bado kutenda haki. Na mwenye vingi asidhani kwamba sadaka yake itafuta dhuluma yake.

Injili haitaji jina la Mmisri aliyewapokea Yosefu, Maria na Mtoto. Haisemi kama alikuwa tajiri au maskini, wala kama aliwaogopa kwanza. Lakini Mtoto aliishi, akarudi katika nchi yake. Hivyo ndivyo mkatekumeni na atamani kwa ajili ya kila mkimbizi: aishi, na siku ya amani arudi, alikute shamba lake.