Lipi la Dini, na Lipi la Ada?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Siku ya kufunga skuli ya wasichana, baada ya Kur'ani kusomwa na zawadi kugawanywa, bibi mmoja mtu mzima aliyekuja kumtazama mjukuu wake alituuliza: "Wanangu, haya yote ni mema. Lakini mtoto huyu akishayajua nisiyoyajua mimi, ataniamkia tena?" Baadhi ya waliokuwapo walicheka. Sisi hatukuona la kuchekwa, kwani suali lile ni la mji mzima.

Wako wasemao kuwa wazee wetu hawakuwasomesha wanawake, basi na sisi tusizue. Kauli hii si kweli. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utendi wa nasaha mwaka 1858, yaani miaka 80 kabla ya kufunguliwa skuli ya wasichana wa Kiarabu hapa Mombasa mwaka 1938. Na humo amemtaka binti huyo ashike wino na karatasi. Na kabla ya hapo, Abu Daud amepokea kuwa Shifaa binti Abdillahi alimfundisha Bibi Hafsa kuandika, na Mtume (s.a.w.) akayajua hayo wala asiyakataze. Ama ile hadithi itajwayo ya kuwakataza wanawake kuandika, Imam Dhahabi ameihukumu kuwa ni ya uzushi.

Tena ada zenyewe zina tarehe zake. Zamani mabibi wa Mombasa walitembea ndani ya shiraa, nguo kubwa waliyoshikiwa pembeni na watumwa, nao watumwa wale hawakusitiriwa kama mabibi wao. Mwanzoni mwa karne ya 20 likaja buibui. Na leo wengi wameliacha wakavaa abaya. Nguo imegeuka mara mbili, na amri ya sitara imebaki pale pale. Basi mwenye kushika kila cha kale kwa jina la dini huenda akashika dhuluma ya kale pamoja nacho.

Lakini bibi yule hakutuuliza tarehe. Alituuliza habari ya heshima, na hapo ana haki. Elimu imfanyayo binti amwonee haya bibi yake kwa kuwa hajui kusoma cheti ni elimu iliyoharibika. Kuwatii wazazi na kuwastahi wakubwa ni katika dini. Hakuondoki kwa kuja kalamu, wala mwalimu asimwachie mzazi peke yake jambo hili, wala mzazi asimwachie mwalimu.

Na wewe, ndugu baba, tukuulize nawe. Muhula hufungwa, na mpya ukifunguliwa huwako binti asiyerudi. Hakushindwa na masomo, wala nyumba haikukosa ada ya skuli. Amevunja ungo tu, na baba ameona yatosha. Akiulizwa, hujibu: "Ndiyo desturi yetu." Desturi ya nani? Ya Mtume, au ya majirani? Ikiwa ni ya majirani, je, utaweza kuitoa kuwa hoja Siku ya Kiyama, utakapoulizwa juu ya amana uliyopewa?

Basi likizo hii tuitumie vyema. Binti akae na bibi yake, ajifunze dua, nasaba za watu wake, na namna ya kumliwaza mgonjwa na kumpokea mgeni. Hayo hayamo katika vitabu vyake. Naye amsomee bibi barua zake, na amweleze dawa aliyoandikiwa hospitali huliwa vipi. Kila mmoja atakuwa mwalimu, na kila mmoja atakuwa mwanafunzi, bila ya yeyote kushushwa cheo.

Suali la bibi yule hatukulijibu siku ile, wala halikuwa letu kulijibu. Jawabu yake anayo mjukuu, naye ataitoa nyumbani, asubuhi aamkapo, kabla hajashika kitabu.

Mwenye Enzi Mungu atuonyeshe haki tuifuate. Amin.