Kunyamaza kwa Fundi



Kuna swali ambalo hutokea kila mara kwenye ushirika wetu wa wanaume na halimalizwi, maana kila mtu ana mahali pa kukimbilia. Ukijua ubaya ulio ndani ya kitu cha mtu, na yeye hakukuuliza, kunyamaza kwako ni uongo? Mwalimu atalijibu kwa darasa lake, na mama mboga kwa mafungu yake ya sukuma. Mimi nitalijibu kwa injini. Mikono yangu imekuwa na grisi hapa Laini Saba tangu kabla wengine wenu hamjaokoka.

Tuchukue matatu, HiAce ya dizeli yenye tabo, injini ya lita tatu ambayo mafundi tunaijua kwa jina la 1KD. Inaletwa imekufa. Mwenyewe amesimama kando, simu sikioni, watu wa sacco wanataka pesa yao. Anasema, "Fundi, tabo imeenda. Weka ingine nirudi barabarani kesho." Hapo hajauliza swali lolote. Ametoa amri.

Na hasemi uongo, tabo imeenda kweli. Ukishika shafti yake unaiona inacheza, na mabawa yamekwaruza ganda. Paipu ya hewa imelowa oili ndani. Dereva anakubali kwamba moshi wa buluu ulikuwa ukitoka siku kadhaa. Moshi una lugha yake: wa buluu ni oili inaungua, mweusi ni dizeli iliyokosa hewa, mweupe mara nyingi ni maji yaliyopenya pasipo pake.

Sasa tabo ni kitu cha ajabu. Inachukua moshi unaotupwa nje, inautumia kuzungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo linasukuma hewa safi kuingia kwenye injini. Mswisi mmoja, Alfred Büchi, alisajili wazo hilo mwaka 1905. (Kitu cha kutupwa kurudi kufanya kazi ni mahubiri tosha, lakini hayo namwachia mchungaji.) Injini ya dizeli kama hii huzunguka mara 4,000 hivi kwa dakika ukiikanyaga sana. Shafti ya tabo inapita mara 100,000. Kwa mwendo huo chuma hakiwezi kugusana na chuma. Shafti inaelea juu ya utando mwembamba wa oili, na utando huo ukikosekana kwa muda mfupi tu, maneno yamekwisha. Ndiyo maana nasema tabo kwa kawaida haifi yenyewe. Inauawa, na muuaji bado yuko ndani ya gari.

Unamfuata. Unafungua sampu, unakuta chujio la kufyonza oili limeziba kwa masizi meusi, mazito kama lami. Yametoka wapi? Unapanda juu, unang'oa injekta. Chini ya kila injekta kuna kipete cha shaba. Kimoja kimechoka, na moshi wa ndani ya silinda umekuwa ukipita pembeni yake na kuingia kwenye oili, mwezi baada ya mwezi, ukiipika. Kipete chenyewe ukikiweka kando ya tabo, bei yake ni kama chai na mandazi.

Ukifunga tabo mpya bila kufungua sampu, umemwuzia huyo mtu kifo kile kile mara ya pili. Na akirudi? "Spea za siku hizi ni feki, bosi." Mafundi tunaipenda sana sentensi hiyo. Imeficha dhambi nyingi kuliko tope la Mto Ngong.

Kutafuta wa kulaumiwa ni rahisi kuliko kutafuta chanzo. Dereva atasema mwenye gari ananunua oili ya bei ya chini. Mwenye gari atasema dereva anazima injini ikiwa moto. Wote wawili watasema dizeli imechanganywa na mafuta ya taa. Hiyo ya mwisho si porojo. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia uchanganyaji, na aliyeumia ni mama wa hapa kwetu anayepika kwa stovu na hajawahi kumiliki hata baiskeli. Huko nako kuna swali la haki, tutalirudia siku nyingine.

Turudi kwa mwenye gari. Jibu langu ni hili: kunyamaza ni uongo pale ambapo kimya chako kinamfanya mtu alipe kitu ambacho asingelipa kama angejua. Kwamba hakuuliza si kitu. Angeulizaje? Yeye anajua gari ikitembea na gari ikisimama, basi.

Lakini kuna pagumu zaidi. Umemwambia ukweli, umefungua zaidi, na krenki nayo imekwaruzwa. Inatakiwa kwenda Industrial Area ichongwe milimita 0.25, inunuliwe beringi za saizi hiyo, silinda zipimwe, hedi iangaliwe kama imepinda, ringi mpya, gasketi mpya. Ni wiki nzima gari haiko barabarani, na wiki hiyo dereva na makanga hawaleti unga nyumbani. Mwenyewe hana pesa hiyo. Ndugu wengine watasema, fanya yote au usiguse. Sikubaliani nao. Yeremia sura ya 6 inawakemea waliotibu jeraha la watu juu juu huku wakitangaza kwamba mambo ni salama. Isome polepole. Kinachochoma pale ni lile tangazo la usalama. Fundi akisafisha sampu, akabadilisha vipete, akajaza oili kwenye tabo kabla ya kuiwasha, kisha akasema wazi, "Krenki yako ni mgonjwa, siwezi kukuapia itafika Krismasi," hiyo ni nusu ya kazi, lakini hakuna uongo ndani yake. Maskini hutengeneza kwa awamu, hata nyumba zetu tunazijenga hivyo. (Ingekuwa breki ningesema mengine. Breki hazina awamu.)

Kisha mwenye gari anasogea karibu, anashusha sauti. "Basi fundi, niwekee oili nzito ipunguze ile kelele. Jumamosi kuna mtu anakuja kuiona."

Oili nzito kweli hufunika mgongano wa beringi kwa siku kadhaa. Wengine watasema mnunuzi alete fundi wake, hakuna aliyemlazimisha kununua mbuzi kwenye gunia. Kuna ukweli hapo. Ila sasa hatuzungumzi tena juu ya kimya, maana mkono wangu ndio unaoshona gunia. Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inamkataza mtu hata kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo, achilia mbali kuyatumia. Ile oili nzito ni jiwe la pili. Na mnunuzi wa Jumamosi pengine ni mtu kama sisi, amechanganya pesa ya chama na mkopo. Mwenye gari yuko pale anajitetea mwenyewe. Huyu mwingine hana mtu pale gereji, isipokuwa fundi.

Utaniambia nikikataa, atavuka reli aende kwa mwingine, gari itauzwa vile vile, na kodi yangu itabaki bila kulipwa. Ni kweli yote. Sina jibu tamu la kukupa. Kuna majuma watoto wangu wamelala na uji kwa sababu ya oili ambayo sikuimwaga.

Siku hizi kwenye risiti naandika mistari mitatu: kilichoharibika, kilichokiharibu, na kile ambacho hatukutengeneza. Mwenye gari anatia sahihi chini. Wengi hucheka, halafu wanatia. Mwezi jana mmoja aliukataa ule mstari wa tatu, akasema utamwangushia bei. Tulizungumza kwa heshima karibu saa nzima. Mwishowe alichukua funguo zake akaenda, na kazi ya kufungua sampu hajailipa mpaka leo.