Ramadhani 17: Aliyekosa Badri



Ndugu zangu wa Cheyo na wote mnaotusoma, leo ni siku ya Badri. Usiku kwenye darsa mtasikia habari za wale watu mia tatu na kitu waliotoka na Mtume (s.a.w). Mimi asubuhi hii nataka kusema na yule aliyebaki nyumbani.

Mwaka wa pili wa Hijra, jeshi lilipotoka Madina, Ruqayya binti wa Mtume alikuwa mgonjwa kitandani. Mumewe ni Uthman bin Affan (r.a). Huyu hakuwa mtu wa kukwepa mazito, alishahama mpaka Habasha kwa ajili ya dini, yeye na mkewe huyo huyo. Mtume akamwambia abaki amuuguze. Wenzake wakaenda, yeye akabaki na mgonjwa.

Vita vikaisha kwa ushindi. Zayd bin Haritha akatangulizwa kupeleka habari njema, na alipofika Madina akakuta watu ndiyo wanamaliza kumzika Ruqayya. Hebu fikiri, ndugu yangu. Mji unafurahi, na Uthman mikono yake ina udongo wa kaburi. Hana ushindi wa kusimulia, na mgonjwa wake hakupona.

Mtume aliporudi akampa Uthman fungu lake la ngawira sawa na aliyepigana, na akamwambia ana malipo ya mtu aliyehudhuria Badri. Basi wanazuoni mpaka leo wanamhesabu katika watu wa Badri. Mgonjwa alikufa, na malipo yakabaki pale pale.

Miaka ikapita. Mtu mmoja alikuja Hija kutoka Misri, akamwendea Abdallah bin Umar na maswali ya mtego: je, si kweli kwamba Uthman hakuwepo Badri? Ibn Umar akasema kweli, hakuwepo. Yule mtu akapiga takbira kama aliyeshinda kesi. Ibn Umar akamwambia njoo basi nikueleze, akamweleza habari ya Ruqayya. Yaani yule bwana alikuwa na taarifa sahihi kabisa, na bado alikuwa anamdhulumu mtu, kwa sababu hakuuliza kwa nini hakuwepo.

Na mimi imamu wenu nina deni hapa. Ramadhani moja nilisimama baada ya tarawehe nikasema wapo watu kumi la kwanza wanajaa msikiti, kumi la pili wamekimbia. Sikutaja jina. Lakini safu za kina mama walijua nani anasemwa, maana mama mmoja ambaye hakosagi safu ya mbele alikuwa hajaonekana wiki nzima. Sikuwa nimeuliza.

Siku chache baadaye nikapita kwake kwa jambo jingine kabisa, mambo ya mjukuu wake madrasa. Nikamkuta anamgeuza mama mkwe wake aliyepigwa na kiharusi, upande mmoja hauna nguvu. Akaniambia, "Subiri kidogo Sheikh, nikimwacha hivi ngozi itachubuka." Hospitali walimwelekeza amgeuze kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, asipate vidonda vya kulalia. Ukutani ameandika kwa chaki: saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Hiyo saa kumi akishamgeuza anaingia jikoni kupika daku.

Hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Sheikh, mwezi huu mimi nina kitu kweli?" Nami nikasema inshaallah mama, Allah anaona, nikaaga. Jibu la kuharakisha. Nilipaswa kukaa kwenye lile benchi nimsimulie habari ya Uthman. Basi mama, kama unasoma hapa, ndiyo hiyo, na unisamehe.

Sasa maswali mnayoniletea faragha. Mgonjwa anasali anavyoweza: akishindwa kusimama akae, akishindwa kukaa alale ubavu. Mwenye mpira wa mkojo atawadhe kila wakati wa sala unapoingia kisha asali, haimdhuru kinachotoka. Maji yakimdhuru, atayammamu. Asiyetarajiwa kupona haidaiwi kwake saumu, anatolewa kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Wewe unayemhudumia, nguo ikiingia mkojo usiache sala ukasema mimi ni najisi mwezi mzima. Tenga kanga moja ya kusalia, uiweke mbali na kitanda. Na kama mwili umekuishia kabisa na saumu inakuangusha, usijiamulie peke yako wala usione haya, nipigie tuangalie hali yako.

Wanaume, na sisi tuongee. Kumtumia dada yako elfu hamsini kwa simu ni jambo jema, lakini ile pesa haiamki saa nane usiku. Mama ni wenu wote.

Tena tuna tabia ya kumwona mgonjwa na kutomwona anayemuuguza. Tunakwenda kujulia hali, tunamwombea aliyelala, tunaondoka, na aliyetufungulia mlango hatukumuuliza amelala saa ngapi. Hapo Kwihara wageni wanakwenda kuona tembe alilokaa Livingstone. Mwaka 1873, alipokuwa hawezi tena kutembea, kina Susi na Chuma walimbeba kwa machela, na alipokufa wakaipitisha maiti yake hapo hapo Kwihara mpaka Bagamoyo. Tembe lina jina la mgonjwa. Waliombeba walikuwa wengi, wewe unawajua wangapi?

Kwa hiyo nina ombi, na ni la kuanza leo. Tarawehe yetu na kwenda na kurudi haizidi saa mbili. Nani atakaa na mgonjwa wa jirani muda huo, mwenzake aje asali, au alale tu? Akilala pia sawa, msimsimange. Mgonjwa wa kike atakaa na mwanamke, wa kiume na mwanamume. Kina mama mwandikeni majina kwa mwalimu wa madrasa baada ya alasiri, wanaume kwangu. Na kama nyumbani kwako kuna mgonjwa nasi hatujui, tuambie.

Mke wangu ameshachukua Jumatatu na Alhamisi. Usiku huo watoto ninao mimi, kwa hiyo mkiwasikia wanakimbia safu ya nyuma mnivumilie.

Wabillahi tawfiq.