Mkuu wa Polisi na Dhamana ya Nguvu

Mkuu wa polisi ni mtumishi wa serikali aliyekabidhiwa mamlaka ya kuamuru nguvu itumike dhidi ya raia, kwa niaba ya raia haohao. Nchini Tanzania cheo cha juu kabisa ni Inspekta Jenerali wa Polisi, IGP, anayeteuliwa na Rais. Chini yake wapo makamanda wa mikoa (RPC), wakuu wa polisi wa wilaya (OCD) na wakuu wa vituo. Kazi zao zimetajwa katika Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura 322: kulinda amani, kusimamia utii wa sheria, kuzuia na kupeleleza makosa, kukamata wahalifu, na kulinda mali.

Ugumu wa cheo hiki unatokana na jinsi kazi yake inavyofanyika. Hakimu huamua mwenyewe, na tabibu hutibu kwa mkono wake. Mkuu wa polisi hutenda karibu kila jambo kwa mikono ya wengine, na mara nyingi asiwepo. Amri inayotoka Dodoma hupitia kwa RPC Babati, mkoani Manyara, ikafika kwa OCD Katesh au Mbulu, ikaishia kwa konstebo anayebisha hodi kwenye boma la mfugaji katika kijiji cha Jorodom, Hanang. Mfugaji hamjui IGP; serikali anayoijua ni huyo konstebo. Swali la msingi basi ni hili: mtu anawezaje kuwajibika kwa yale ambayo hakuyatenda yeye mwenyewe, na anahitaji sifa gani ili awajibike kwa haki?

Wajibu wa kwanza ni kumtofautisha mkosaji na jamaa zake. Katika nchi ya Mbulu na Hanang, ambako Wairaqw na Wabarbaig wamekaa jirani kwa vizazi, wizi wa mifugo unaonyesha wazi uzito wa wajibu huu. Ng'ombe wakiibwa usiku, yowe hupigwa, na alfajiri vijana huanza kufuata nyayo. Nyayo zikipotelea karibu na boma la watu wa kabila jingine, lawama huhama kutoka kwa mwizi asiyejulikana hadi kwa boma zima. Serikali ya kikoloni iliwahi kuihalalisha fikra hiyo kwa sheria ya adhabu ya jumla, iliyoruhusu jamii nzima kutozwa faini kwa kosa la wachache. Sheria ya jinai ya leo inamtafuta mtu na tendo lake. Askari wakiswaga mifugo ya boma zima ili wazee wamtoe mtuhumiwa, wameirudisha adhabu ile ya jumla bila sheria yoyote nyuma yao. Ni juu ya mkuu wao kukataza jambo hilo mapema, kabla hasira za waliopoteza mali hazijageuka kuwa mpango wa kazi wa kituo.

Wajibu wa pili ni kutunza muda na kumbukumbu. Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitishwa, na inakataza mateso. Ahadi hizo hutimizwa au kuvunjwa kaunta. Mlalamikaji anapewa RB, yaani namba ya taarifa yake, bila kudaiwa chochote? Majeruhi anapata PF3, fomu ya polisi ya matibabu, akatibiwe? Mahojiano yamemalizika ndani ya muda wa kawaida wa saa 4, au yameongezwa kwa utaratibu wa sheria? Aliyekamatwa bila hati ameingizwa katika kitabu cha mahabusu saa ngapi, na saa 24 zikikaribia kwisha amefikishwa mahakamani, amepewa dhamana, au bado amekaa sakafuni? OCD anayefika kituoni bila taarifa, akakifungua kitabu hicho na kulinganisha majina na watu waliomo ndani, anaifanya kazi ya cheo chake hasa. Asiyekifungua amewaachia wengine mamlaka yake.

Wajibu wa tatu ni kutovuka mpaka. Polisi huitwa pia kwenye migogoro ambayo hawana mamlaka ya kuiamua. Hanang ina kumbukumbu nzito ya jambo hili: mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, yalitwaa ardhi ambayo Wabarbaig waliilishia mifugo, na shauri kati ya shirika hilo na Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw lilifika hadi Mahakama ya Rufani, iliyotoa hukumu mwaka 1985. Katika mgogoro wa namna hiyo askari hulinda amani ya pande zote mbili, na haki ya ardhi husubiri mahakama. Mkuu wa polisi akimsaidia mwenye nguvu kwa haraka, hukumu hukuta mambo yamekwisha kuamuliwa kwa rungu.

Kuhusu kuwajibika kwa matendo ya walio chini, historia ya Tanzania ina mfano mkubwa. Baada ya watuhumiwa kuteswa na wengine kufa mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977. Hakuwa amempiga mtu. Ipo hoja yenye uzito hapa: si haki kumlaumu mtu kwa asilolijua. Lakini kutojua humsamehe tu aliyejitahidi kujua. Aliye na uwezo wa kukagua, kuzuia na kuadhibu, akaacha, ana sehemu katika kilichotendeka. Hatia ya jinai hubaki kwa mtendaji na kwa aliyemwamuru. Dhamana ya cheo huulizwa kwa mwenye cheo. Mambo hayo mawili yakichanganywa, ama wakubwa wataadhibiwa kwa kuonewa, ama konstebo atatolewa kafara peke yake.

Kutokana na wajibu huo sifa zinaonekana. Elimu ya sheria na upelelezi, mafunzo ya vyuo vya polisi vya Moshi na Kurasini, na miaka ya kupanda ngazi kutoka doria hadi ofisi ni mambo ya lazima, ila hayatoshi. Anahitajika mtu asiyenunulika, kwa kuwa rushwa ndogo ya kaunta hujifunzwa kwa wakubwa. Anahitajika mtu anayesikiliza wazee na wenyeviti wa vijiji bila kuwa mateka wa upande wowote. Anahitajika pia mtu mwenye ujasiri wa kukabili walio juu yake. Katiba ya Tanzania, ibara ya 147, inamkataza askari kujiunga na chama cha siasa. Kenya, kwa Katiba ya 2010, imekwenda mbali zaidi: Inspekta Jenerali hutumikia kipindi kimoja cha miaka 4, na hakuna anayeruhusiwa kumwelekeza katika upelelezi wa kosa fulani. Kinga hizo ni njema, lakini hazimpi ujasiri mtu asiye nao.

Sifa inayozibeba nyingine zote ni kupenda ukweli unaomuumiza. Mkuu anayesifia takwimu nzuri na kumkaripia mleta habari mbaya huwafundisha walio chini kumficha, na akishafichwa hana tena anachokiongoza. Anayempongeza mkaguzi kwa kuripoti kosa la kituo chake hujenga jeshi linalojirekebisha. Ndiyo maana idadi ya waliokamatwa haitoshi kumpima. Apimwe pia kwa mama wa Jorodom aliyeonewa na askari: je, anaamini kwamba akienda kumshtaki askari huyo kituoni malalamiko yake yataandikwa, yatachunguzwa, naye atarudi nyumbani salama?