Je, Mshahara Huharibu Upendo wa Kazi?

Bila shaka umekwisha kusikia watu wakisema juu ya jirani: «Yule hapendi kazi yake, anapenda feza tu.» Na juu ya mwingine wanasema: «Huyu ni mtu mwema, anafanya kazi bure.» Maneno hayo tunayatamka upesi, wala hatuyapimi. Leo nataka tuyapime pamoja. Mfano wangu nitauchukua mahali ambapo pengine hukupatazamia: katika mchezo wa tenisi.

Huko Uingereza, katika mtaa wa Wimbledon wa mji wa London, wachezaji wakubwa wa dunia hukusanyika kila mwaka, mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai. Huvaa nguo nyeupe, nao hupigiana mpira mdogo kwa raketi juu ya wavu, katika viwanja vya majani yaliyokatwa mpaka urefu wa milimita 8. Mashindano hayo yalianza mwaka 1877, wanaume 22 wakashindana, akashinda Spencer Gore. Wanawake walianza kushindana mwaka 1884. Hakuna mashindano ya tenisi yaliyo ya zamani kuliko hayo.

Basi, kwa miaka mingi kulikuwa na kanuni moja kali. Mchezaji wa Wimbledon alipaswa kuwa mtu asiyecheza kwa mshahara. Wazungu walimwita amateri, neno linalotoka katika Kilatini, na maana yake ni mwenye kupenda. Mshindi alipewa kombe na heshima, lakini hakulipwa mshahara. Na yule aliyekubali kulipwa waziwazi kwa kucheza alifungiwa mlango.

Tusiwacheke upesi watu wa kanuni hiyo. Walikuwa na sababu yao, na sababu yenyewe si mbaya. Walisema: Mchezo ni pumziko la mtu huru. Anayecheza kwa kupenda hawezi kununuliwa. Lakini anayecheza kwa feza, kesho atakuja mtu mwenye feza nyingi zaidi na kumwambia: «Shindwa leo, nitakulipa.» Je, atakataa? Nani kati yetu atasema kwamba hofu hiyo ni bure? Tumeona kazi nyingi nzuri zikioza kwa sababu ya tamaa.

Lakini sasa tuulize swali la kwanza: Ni nani aliyeweza kuishika kanuni hiyo? Mchezaji lazima ale. Lazima asafiri, alale mahali, anunue raketi na viatu, ajizoeze kila siku kwa miaka mingi. Mtoto wa tajiri alicheza bure bila shida, maana mkate wake ulitoka mfukoni mwa baba yake. Mtoto wa maskini je?

Mtazameni Althea Gibson. Alizaliwa mwaka 1927 katika jimbo la South Carolina, Marekani, na wazazi wake walikuwa wakilima pamba katika shamba lisilo lao. Alikua katika mtaa wa Harlem, New York. Mwaka 1957 alishinda Wimbledon, mtu mweusi wa kwanza kufanya hivyo, naye alipokea tuzo mkononi mwa Malkia Elizabeth. Aliporudi New York, mji ulimfanyia sherehe kubwa barabarani. Mwaka 1958 alishinda tena. Lakini sherehe hailipi kodi ya nyumba. Mwaka huohuo aliacha tenisi ya bure, akatafuta riziki. Akazunguka Marekani akicheza tenisi ya kuonyesha watu, kabla ya michezo ya mpira wa kikapu ya kundi la Harlem Globetrotters. Katika uzee wake, miaka ya 1990, alikosa feza ya kulipia nyumba na dawa. Rafiki yake Angela Buxton, ambaye walishinda pamoja Wimbledon mwaka 1956 katika mchezo wa wawili wawili, alitangaza shida yake, na watu wa nchi nyingi wakatuma msaada. Alikufa mwaka 2003.

Je, mwanamke huyo hakupenda tenisi? Aliipenda kuliko wengi. Basi kanuni iliyosema «cheza kwa kupenda tu» haikupima upendo. Ilipima mfuko.

Swali la pili: Je, kanuni yenyewe ilishikwa kweli? Hapana. Wenye mashindano walijua kwamba watu huja kuwatazama wachezaji hodari. Kwa hiyo waliwapa hao feza kwa siri, wakisema ni «gharama za safari», hata kama safari ilikuwa fupi na gharama ilikuwa ndefu. Kila mtu alijua, na kila mtu alinyamaza. Yule aliyepokea chini ya meza aliitwa mwungwana. Yule aliyepokea juu ya meza, mbele ya watu wote, alifukuzwa.

Fred Perry alikuwa Mwingereza, na baba yake alianza maisha katika kiwanda cha pamba. Alishinda Wimbledon mara tatu mfululizo, miaka 1934, 1935 na 1936. Kisha akakubali kulipwa waziwazi. Chama cha Wimbledon kikamnyang'anya uanachama wake wa heshima. Mwaka 1984 chama hichohicho kilimjengea sanamu katika viwanja vyake. Tazama namna hukumu za watu zinavyogeuka!

Na Rod Laver wa Australia, aliyecheza kwa mkono wa kushoto, alishinda Wimbledon mwaka 1961 na mwaka 1962. Kisha akaenda kucheza kwa mshahara, na kwa miaka mitano mlango ulifungwa mbele yake. Yeye na wenzake walicheza katika kumbi za miji mbalimbali, juu ya turubai iliyotandikwa sakafuni. Mkono ulikuwa uleule, jicho lilekuwa lilelile, na upendo wa mchezo ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kitu kimoja tu: sasa alipokea feza yake mchana, wala si usiku.

Mwishowe baadhi ya wakubwa waliona haya. Mwaka 1960 wakuu wa tenisi ya dunia walipiga kura juu ya kufungua mashindano kwa wote, na kura 5 tu zilikosekana. Herman David, mwenyekiti wa chama cha Wimbledon, alisema waziwazi kwamba tenisi yao ilikuwa ikiishi katika uongo. Mwezi wa Desemba 1967 chama cha tenisi cha Uingereza kikakata shauri kwa kura 295, na 5 tu zikapinga: tangu sasa mchezaji ni mchezaji, basi. Mwaka 1968 mlango ukafunguliwa. Laver akarudi, akashinda, akapewa pauni 2,000 mbele ya macho ya wote. Mwaka 1969 akashinda tena.

Lakini msomaji mwenye akili ataniuliza: «Je, feza haikuleta ubaya wake?» Swali ni la haki, nami sitalikimbia. Mwaka 2025 mshindi wa Wimbledon alipewa pauni 3,000,000, na hata aliyeshindwa siku ya kwanza alipata pauni 66,000. Feza nyingi namna hii yaweza kumlewesha kijana. Wako wachezaji wa tenisi waliofukuzwa kwa kuuza michezo yao. Basi wazee wa kanuni ya zamani hawakuota tu: hatari waliyoiogopa ni ya kweli. Kosa lao lilikuwa kufikiri kwamba umaskini wa mchezaji ndio dawa yake. Mwenye njaa hununuliwa kwa bei ndogo kuliko aliyeshiba. Aliyezoea kupokea kwa siri amekwisha kujifunza nusu ya wizi.

Wala tusifikiri kwamba mwaka 1968 haki yote ilifika. Mwaka uleule Billie Jean King alishinda upande wa wanawake, akapewa pauni 750, wakati Laver alipata 2,000. Wanawake walidai miaka mingi, na wengine waliwaambia: «Mbona mnapenda feza hivi? Chezeni kwa kuupenda mchezo!» Kumbe, ni neno lilelile la zamani, limevaa nguo nyingine! Mwaka 2007 ndipo Wimbledon ilipowalipa sawasawa: Venus Williams na Roger Federer walipata kila mmoja pauni 700,000.

Sasa turudi kwa maneno tuliyoanza nayo. Upendo wa kazi hatuujui kwa kuuliza: «Analipwa?» Tunaujua kwa kutazama kazi yenyewe. Fundi anayelipwa, akapiga randa hata upande wa ubao usioonekana, anapenda kazi yake. Mwalimu anayelipwa, akabaki jioni na mtoto asiyeelewa, anapenda kazi yake. Na asiyelipwa, akafanya kazi ovyo na kutaka asifiwe, anajipenda mwenyewe.

Mshahara wa haki hauharibu upendo. Unaulinda, kwa maana unamwezesha maskini naye apende kazi yake bila kufa njaa. Kinachoharibu ni tamaa isiyoshiba, na kabla yake ni uongo. Ikiwa mtu anakuomba umfanyie kazi bure «kwa sababu unaipenda», mtazame vizuri. Labda yeye naye anatoa bure, kama wewe: basi, fanyeni kazi pamoja kwa furaha. Lakini ikiwa yeye anauza tiketi mlangoni, na wewe unapewa sifa tu, ujue kwamba upendo wako umekuwa biashara ya mwingine.

Na wewe, msomaji, ukiwa na watu wanaokufanyia kazi, usiwaulize kwanza kama wanaipenda. Uwalipe kwanza, tena mchana, mbele ya watu. Halafu utazame namna wanavyofanya kazi, ndipo utajua.